Banda la Sungura Lenye Miguu Ndani ya Makopo

Mimi ni fundi cherehani, na kazi hii imenidekeza. Nikikosea nusu nchi naachia pindo. Nikibana kiuno nafumua mshono, nashona upya, mteja anavaa anakwenda zake harusini na hakuna anayejua. Mbao haina pindo. Ukiikata fupi imekuwa fupi, na ukiiungia kipande, kila apitaye anajua hapa alipita mtu asiye seremala. Banda langu la sungura lina viraka vitatu vya namna hiyo. Siku hizi mteja akija kuchukua gauni lake haanzi na gauni. Anazunguka nyuma ya nyumba, anainama, anaangalia makopo 8 yaliyo chini ya miguu ya banda, halafu ananiuliza, "Sasa haya makopo ni ya nini?" Jibu lake ni refu. Nimechoka kulirudia huku nimeshika pasi ya moto, kwa hiyo naliandika hapa.

Tunaishi Kibosho, juu ya mji wa Moshi, kwenye kihamba alichoachiwa mume wangu na baba yake. Aliyewahi kufika Uchagani anakijua kihamba kilivyo: migomba juu, kahawa chini yake, mringaringa mmoja mmoja kwa ajili ya kivuli, mfongo, yaani mfereji wa maji, ukipita pembeni, na ng'ombe mmoja ambaye halishwi nje, analetewa majani bandani kama mgonjwa. Ng'ombe wetu tulimuuza mwaka tuliokuwa tunamuuguza baba mkwe. Maziwa tuliyazoea kuyakosa. Kilichotuuma ni samadi. Ndani ya misimu miwili migomba ya mshare ilianza kutoa mikungu unayoweza kuibeba kwa mkono mmoja, na mama mkwe, ambaye hasemi sana, akawa anasimama shambani jioni anaitazama tu.

Mimi nikawaza sungura. Wengi hufuga kwa ajili ya nyama, nami sikatai nyama, lakini ukweli ni kwamba nilitaka mavi. Vile vidonge vikavu vya sungura ni mbolea isiyounguza mmea. Hungoji ioze kama ya kuku, unaokota chini ya banda asubuhi na kuweka kwenye shina la mgomba au tuta la mchicha siku hiyohiyo. Tena mnyama wenyewe mtoto wa darasa la tatu anaweza kumhudumia. Anakula majani tunayoyapalilia kila siku, na hapigi kelele za kuwaambia majirani una nini.

Banda la kwanza nililijenga Jumamosi moja mchana, bila kumwuliza mtu. Nyuma ya nyumba kulikuwa na vitanda vya kuanikia kahawa vya baba mkwe, viwili, vimeegemezwa ukutani tangu alipoacha kuvuna kwa wingi. Nikalaza kimoja juu ya matofali, nikakizungushia mabanzi, nikafunika kwa kipande cha bati, nikaweka jiwe juu. Nilikuwa na fahari nalo kuliko gauni lolote nililowahi kushona. Kijana aliyeniuzia sungura aliniapia kwamba ni dume mmoja na majike wawili. Mwezi wa tatu mmoja wa "majike" akaanza kupigana na dume mpaka manyoya yakaruka kama pamba ya godoro. Basi nikawa na madume wawili na jike mmoja, na somo la kwanza: ukinunua sungura mgeuze mwenyewe mgongo chini, uangalie. Dume wa ziada tulimla Krismasi.

Baba mdogo wa mume wangu ndiye seremala wa ukoo. Alipita, akaitikia shikamoo yangu, akalizunguka lile banda mara moja, mikono nyuma.

"Hili umemjengea nani, mama? Sungura au paka?"

Nikacheka. Alikuwa haniambii utani.

Jike alizaa wiki ya kwanza ya Novemba, mvua za vuli zimeshaanza. Watoto 6, wekundu kama vidole vilivyoungua, macho yamefumba, amewafunika kwa manyoya aliyojinyonyoa tumboni. Usiku wa nne, kama saa 8, nikasikia kishindo nje. Du. Kimya. Du, du. Nikadhani ni parachichi limeanguka kwenye bati. Likaja tena, nikadhani ni panya wa darini. Sikujua wakati ule kwamba sungura, ambaye sauti yake husikika kwa nadra, ana namna yake ya kupiga yowe, nayo ni kupiga mguu wa nyuma chini. Kule walikotoka, kishindo kile hupita ardhini na kila aliye shimoni anakisikia. Mimi nilijigeuza upande wa pili nikalala.

Asubuhi siafu walikuwa bado hawajamaliza. Mstari ulitoka kwenye mfongo, ukapita katikati ya kahawa, ukapanda tofali moja. Lile moja tu, la nyuma kushoto. Jike alikuwa amejibana kona ya mbali, masikio yamevimba kwa kuumwa, lakini mzima. Watoto sitaeleza. Mama mkwe alikuja na koleo la majivu ya moto, akamwaga juu ya mstari bila kusema neno, akarudi jikoni kuchukua mengine.

Mwanangu akasimama pale na sare ya shule, akaniuliza swali lililonikaa mwezi mzima: "Mama, si ndiye sungura mjanja? Mbona hakuwatoa watoto wake?"

Nilikuja kupata jibu lake baadaye, na ndilo lililojenga banda la pili. Sungura wa hadithi zetu, yule anayemdanganya fisi na kumpanda simba kichwani, si huyu. Yule ni sungura wa porini, mtoto wa mbuga. Watoto wake huzaliwa na manyoya mwilini, macho yamefumbuka, juu ya nyasi waziwazi, na muda mfupi baadaye wanaweza kuruka. Huyu wa kufugwa asili yake ni Hispania na Ureno huko, na ni mnyama wa shimo. Huchimba, huishi chini na wenzake, na watoto wake huzaliwa uchi na vipofu kwa sababu kule walikopaswa kuzaliwa ni gizani, mbali na kila mtu. Macho hufumbuka siku ya 10 hivi. Ujanja wake wote ni lile shimo, nasi tumemtoa shimoni tukamweka juu ya wavu. Halafu tunashangaa.

Kwa hiyo nilipokwenda kwa baba mdogo Januari, nikiwa na kilo mbili za sukari na aibu yangu, sikumwambia nataka banda. Nilimwambia nataka shimo lililo hewani. Alinitazama kama mtu aliyeletewa kazi na kichaa. Nikaeleza: nataka anachopewa na ardhi, yaani ubaridi, giza la kuzalia, na pahali ambapo mbwa hafiki. Nisichotaka ni kile ardhi inacholeta pamoja na hivyo: unyevu, siafu, panya. Akakaa kimya, akachukua penseli sikioni. "Sasa umeanza kusema," akasema.

Mabishano ya kwanza yalikuwa ya mahali. Yeye alitaka chini ya mparachichi, kwenye kivuli kizuri kuliko vyote nyumbani. Mimi nikakataa. Majani ya parachichi ni sumu kwa sungura, afisa mifugo alishanionya, na mti ule hupukutisha juu ya kila kitu. Tawi moja likilala juu ya wavu, sungura hatajiuliza. Tena matunda yenyewe yakianguka juu ya bati saa 9 usiku, nani atalala? Tukashuka hatua 20, kati ya mringaringa na ukingo wa migomba, mahali penye mwinuko kidogo ili maji ya masika yapite pembeni. Banda tukalilaza ncha moja mashariki, nyingine magharibi, ili jua la mchana lisiingie kwa mbele. Mgongo wake tukauelekeza upande mvua inakotupigia.

Kipimo kilichonipa raha kupanga ni kina cha banda, yaani kutoka mlangoni hadi ukuta wa nyuma. Kila mtu huniambia futi 3, futi 4, "wapate nafasi". Mimi nikapima mkono wangu kutoka bega hadi ncha ya vidole, kama ninavyopima mkono wa koti: nchi 27. Sungura usiyemfikia ni sungura usiyemfuga. Ukitaka kumshika atakimbilia kona ya mwisho, na ukiingiza kichwa na mabega kumfuata, mtaumizana wote wawili. Kwa hiyo kina ni futi 2. Nafasi anaipata kwa urefu: kila chumba futi 3 kwenda upande, na futi 2 kwenda juu ili aweze kusimama kwa miguu ya nyuma masikio yakiwa wima. Vyumba 3, kwa maana jike na dume hawalali pamoja, na watoto wakishaachishwa kunyonya wanahitaji pa kwenda. Sakafu iko futi 3 kutoka ardhini. Mbwa haoni ndani, na mgongo wangu haulalamiki.

Hapo ndipo kiraka cha kwanza kilipozaliwa. Vyumba 3 vya futi 3 ni futi 9, hesabu ya mtoto. Nikakata mbao ndefu za mbele na nyuma futi 9 kamili, nikiwa peke yangu, baba mdogo amekwenda msibani. Aliporudi akaziweka chini, akasimamisha miguu minne ya mbele juu yake, akaniambia, "Pima chumba cha mwisho." Nchi 28. Miguu minne, kila mmoja unene wa nchi 2, imekula nchi 8. Kwa mtu aliyekaa miaka mingi na vitenge, ni kosa la haki kabisa. Kitambaa hakina unene. Sikuwahi maishani kukata kitu ambacho unene wake unadai nafasi yake. Tukaungia vipande.

Mbao ni za mgrevilea wa mpakani mwetu wenyewe, uliopasuliwa na kuachwa ukauke tangu baba mkwe akiwa hai, na ukuta wa nyuma ni mabanzi ya paini. Miguu 8, ya mbele futi 6, ya nyuma futi 5, ili paa lilale kwenda nyuma. Chini, kuanzia ardhini hadi magotini, tuliipaka oili chafu kwa ajili ya mchwa. Juu ya hapo, hapana, hata tone. Meno ya sungura hayaachi kukua, kwa hiyo hutafuna kila mbao inayofikiwa na mdomo, na chochote ulichopaka kimeshakuwa chakula. Ndiyo maana pia wavu tuliupigilia kwa ndani ya fremu. Anayetaka kutafuna mbao akutane kwanza na waya, na hamu ya kutafuna tunamtolea kwa vijiti vya mforosadi anavyopewa.

Sakafu ndiyo iliyokula pesa, na hapo naomba mnisikilize. Wavu wa kuku, ule mwembamba wenye matundu kama sega la nyuki, si wa sungura. Unabonyea, unakata nyayo, na mbwa mwenye nia anaupasua kwa meno. Wavu wa kitanda cha kahawa niliutumia mara ya kwanza, na nimewaeleza. Unaotakiwa ni waya meshi wa kuchomelea usioshika kutu, matundu ya nusu nchi kwa nchi 1. Vidonge vinapita, mguu haupiti, panya mkubwa hapiti. Uulaze ule upande wenye nyaya zilizo karibukaribu uwe juu, ndiko anakokanyaga. Kuta unaweza kuweka matundu makubwa zaidi, lakini mimi nilikuwa bado namwona panya na nyoka kila nikifumba macho, nikaweka huohuo pande zote. Ncha zote zilizokatwa zigeuzwe nje. Nilizipitia kwa kidole moja moja, kama unavyotafuta pini iliyosahaulika kwenye gauni la bi harusi.

Halafu kila chumba kina ubao mmoja, ukubwa wa kurasa mbili za gazeti, umewekwa tu pale bila kupigiliwa. Huu sikuuona kwenye mabanda mengi niliyotembelea. Sungura hana nyayo zenye ngozi nene kama mbwa, ana manyoya tu. Akikaa juu ya waya mchana na usiku, nyama ya chini ya kisigino huchubuka, kisha hufanya kidonda, na kidonda kile kupona ni kazi. Akiwa na ubao, mwenyewe anajua pa kupumzika. Kila Jumamosi unautoa, unasugua, unaanika juani. Asiye na uwezo wa waya anaweza kujenga sakafu yote kwa mianzi iliyopasuliwa, upande laini ukiwa juu, na mwanya unaoingia ncha ya kidole kidogo kati ya fito na fito. Nimeiona ikifanya kazi Machame kwa jirani wa dada yangu. Itabidi tu kuibadilisha ikianza kunuka.

Kiraka cha pili ni cha kunuka hasa. Tuliweka mhimili mmoja wa kushikilia sakafu katikati ya kila chumba, kwa kuogopa kubonyea. Sungura huchagua kona moja ya haja, na kona aliyochagua jike wangu ilikuwa juu ya mhimili kabisa. Ndani ya wiki tatu mbao ile ilikuwa imelowa mkojo mpaka moyoni, na harufu yake inakata pumzi. Hiyo harufu si ya kufumbia macho, kwa kuwa ndiyo inayowaharibia mapafu na kuwaanzishia mafua. Tuliikata tukaweka mhimili mwingine pembeni, tukaukaza wavu kwa kuuvuta. Ukijenga, chini ya sakafu kuwe tupu kadiri inavyowezekana. Kitu kisicho na pa kukaa hakikai.

Paa ni bati 3 za futi 10, tukazikata nusu, tukapata vipande vya futi 5 vinavyopita mbele na nyuma na kuacha upenu wa kutosha. Bati peke yake ni jiko. Kibosho si Moshi mjini, ambako Januari na Februari hata mbwa hutafuta sakafu ya saruji, lakini mchana wa kiangazi bati letu pia hupata moto. Sungura hana jasho. Joto analitoa kwa masikio na kwa kuhema, na likizidi nyuzi 30 anaanza kuteseka. Dume anaweza kukaa wiki kadhaa akipanda bila mimba kushika. Juu ya bati tukatandaza majani makavu ya migomba, tabaka nene, tukayabana kwa fito. Baba mdogo alisema linafanana na nyumba ya babu yake. Kuna tofauti unayoisikia kwa kiganja tu: weka mkono chini ya bati tupu, kisha chini ya lile lenye majani.

Milango sina la kuisifu. Inafunguka kwenda chini, kosa langu na kiraka changu cha tatu, kwa maana niliwaza kwamba itakuwa kama meza ya kuwekea majani. Nayo ni meza kweli, inayonigonga kifuani kila ninapotaka kufika ndani, na tulilazimika kuiongezea ubao chini baada ya kugundua watoto wa sungura wanaweza kuporomoka mlango ukifunguliwa. Weka bawaba ubavuni. Komeo liwe la kuzungusha, si la kusukuma, maana sungura akisugua kidevu chake pale kila siku litafunguka lenyewe.

Kisanduku cha kuzalia nilikijenga mwenyewe, peke yangu, na hakina kiraka. Nchi 18 kwa 12, kimo nchi 12, paa nusu, matundu madogo chini ya kupitisha unyevu, na mlango wenye kizingiti cha nchi 6. Kizingiti si pambo. Mama akitoka ghafla, mtoto anayening'inia kwenye chuchu anaburutwa nje, na akiangukia wavuni hakuna atakayemrudisha, kwa vile sungura habebi mtoto kwa mdomo kama paka. Na usikifanye kikubwa kwa huruma. Kikiwa kikubwa atakigeuza choo. Mimba ni siku 31, mbili pungufu au moja zaidi. Kisanduku kinaingia siku ya 28 na nyasi kavu ndani. Ukikiweka mapema, choo tena. Tarehe za kupandisha naziandika kwenye daftari lilelile la vipimo vya wateja, ukurasa wa mwisho. Mume wangu aliwahi kulifungua akakuta "Mweupe, tarehe 3, amekubali mara mbili" akaja kuniuliza nani huyo.

Alipozaa humo, mwishoni mwa Machi, watoto 7, mama mkwe alikuja kuniambia jike amewatupa. Alikuwa amekaa pale asubuhi nzima, na mama yao hakuingia hata mara moja. Hata mimi moyo ulishtuka. Lakini ndivyo alivyo. Hunyonyesha mara moja kwa siku, pengine mbili, dakika chache tu, mara nyingi usiku au alfajiri, kisha anakaa mbali nao asije akamwonyesha adui walipo. Unachotakiwa kuangalia ni matumbo. Asubuhi ingiza mkono uliokwisha kuupaka nyasi za kiota. Kama matumbo ni ya mviringo kama maharage yaliyolowekwa, funika uende zako. Mama mkwe akaingiza mkono, akahesabu, akahesabu tena. Tangu siku hiyo kazi ya kukagua ni yake, na akinikuta pale asubuhi huniuliza nimefuata nini.

Majani nitasema kidogo, maana kila kihamba kina yake. Nyasi kavu ziwepo daima, matembele na majani ya migomba vizuri, mabingobingo yakiwa machanga. Chochote kibichi kinyauke kwanza nusu siku, hasa cha asubuhi chenye umande. Majani ya nyanya na viazi mviringo, hapana. Maji kwenye bakuli zito la udongo, kwa sababu la plastiki analigeuza kofia.

Sasa makopo. Ni makopo ya rangi ya lita 4, niliyaokota kwa wanaopaka nyumba. Ndani ya kila kopo kuna jiwe bapa, mguu wa banda umesimama juu ya jiwe ili usikae ndani ya maji, na maji yamezunguka, na juu ya maji kuna tabaka la oili. Maji matupu siafu huyavuka. Wanashikana miguu wakawa daraja. Oili inawashinda. Jumamosi nikisugua mbao nakagua na makopo: mvua ikijaza kopo, oili inamwagika yote nje na kubaki maji. Jani moja likiangukia ndani na kugusa mguu, kazi imekwisha. Baba mdogo mwanzoni aliyacheka, akisema nimelivalisha banda viatu.

Aprili, katikati ya masika, usiku. Du.

Safari hii sikujigeuza. Nilikuwa nje kabla ya kishindo cha pili, khanga moja, tochi ya simu mdomoni. Walikuwepo. Mstari uleule, kutoka mfongoni, mpana kama mkanda wa suruali, umefika chini ya banda na kuzunguka kopo la kwanza, la pili, la tatu, ukitafuta. Hakuna hata mguu mmoja waliopanda. Nikasimama pale mvua ikininyeshea nikiwatazama, na nikiri, nilifurahi furaha mbaya. Jike akapiga tena. Du, du. Sasa anapigia nini, nikajiuliza, kama wako chini?

Nikainua tochi. Nyuma ya banda, upande wa migomba, jani moja kubwa lilikuwa limevunjika kwa mvua na kuinama, na ncha yake imelala juu ya paa. Chini kabisa, kwenye shina la mgomba, mstari mwembamba ulikuwa umeshajitenga na ule mkubwa na kuanza kupanda. Wa mbele walikuwa wamefika kwenye shingo ya jani, ambako linaanza kupinda kuelekea kwetu.

Panga lilikuwa stoo, ufunguo wa stoo anao mama mkwe. Nikakimbilia kibarazani, nikachukua mkasi wangu wa kazi, ule mkubwa ambao simruhusu mtu yeyote kukatia hata karatasi, nikapanda juu ya ndoo na kulikata lile jani karibu na shina. Siafu kumi au ishirini walinidondokea mkononi wakaanza kuuma palepale. Mwanangu alikuwa amesimama mlangoni na taa.

"Mama, amekuita?"

"Ameniita," nikamwambia. "Lete majivu."